Siku mbili tatu Venice msimu wa joto: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wengi wanaouliza kuhusu Venice hawana wiki nzima. Wana siku mbili, wakibahatika tatu. Ama wanaishi Ujerumani au Uholanzi na wamepata tiketi ya ndege ya bei poa, ama wanatoka Nairobi au Dar kwa safari ndefu ya Ulaya na Italia imeingia katikati. Majibu haya yamewalenga hao. Bei zilizotajwa ni za 2025. Bei za Venice zina tabia ya kupanda, kwa hiyo ongeza kidogo kwenye bajeti yako.

Siku mbili zinatosha?

Zinatosha, mradi ulale ndani ya mji wenyewe. Mji mkongwe ni mdogo. Kutoka stesheni ya treni hadi uwanja wa San Marco ni dakika arobaini hivi kwa miguu ukiwa unajua njia, na saa nzima au zaidi ukiwa huijui. Kinachokula muda si umbali, ni watu. Kuanzia saa nne asubuhi wageni wa kutwa humiminika kutoka kwenye treni, mabasi na boti za utalii, na hadi saa kumi na moja jioni njia ya kati ya daraja la Rialto na San Marco hupitika kwa kubanana mabega. Wakishaondoka, mji unabaki na wenyewe, nao ni wachache: wakazi wa mji mkongwe hawafiki 50,000 sasa, ilhali mwaka 1951 walikuwa kama 175,000.

Basi panga hivi: tembea asubuhi na mapema, tembea tena jioni, na mchana wa jua kali uwe ndani ya jumba la makumbusho, juu ya boti, au kwenye visiwa vya mbali. Mwezi Juni jua huchomoza kabla ya saa kumi na mbili asubuhi na kuzama saa tatu usiku, kwa hiyo saa za mwanga unazo tele. (Kwa wanaoswali: ndiyo, maghribi ni saa tatu usiku, na alfajiri inakuwahi ukiwa bado hujashiba usingizi.)

Mwezi gani ni mzuri?

Nusu ya kwanza ya Juni, au Septemba mwanzoni. Julai na Agosti joto hukaribia nyuzi 30 na kuvuka, na unyevu wa wangwa, yaani maji ya kina kifupi yanayouzunguka mji, huufanya mwili unate. Mtu wa Mombasa hatashangaa, ila vyumba vingi vya bei nafuu viko kwenye majengo ya kale yenye madirisha madogo, kwa hiyo uliza kama kuna kiyoyozi kabla ya kulipa. Mbu wapo, na wanauma kwelikweli. Malaria hakuna, lakini beba dawa ya kupaka.

Wengine huogopa mafuriko. Maji kujaa ni jambo la vuli na kipupwe, hasa Oktoba hadi Januari. Lile kubwa la 12 Novemba 2019 lilifika sentimita 187. Tangu Oktoba 2020 kuna mfumo uitwao MOSE, milango ya chuma inayoinuka kutoka chini ya bahari na kufunga midomo ya wangwa pale maji yanapotarajiwa kupanda sana. Kiangazi hata buti hutahitaji. Utakachokutana nacho ni harufu ya mifereji midogo maji yanapokupwa, nayo si mbaya kama inavyosimuliwa.

Kama unaweza kuchagua tarehe, angalia sikukuu ya Redentore, Jumapili ya tatu ya Julai. Ilianza kama shukrani ya mji kwa kupona tauni ya 1575 hadi 1577. Hutandazwa daraja la muda linaloelea kutoka ukingo wa Zattere hadi kanisa la Redentore kule kisiwa cha Giudecca, kanisa alilolibuni Andrea Palladio, na Jumamosi usiku fataki hupigwa juu ya maji huku familia zikila ndani ya boti zao. Ni moja ya siku chache ambazo wenyeji husherehekea na wageni hutazama. Chumba kiwekwe miezi kabla.

Nahitaji viza?

Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen. Mwenye kibali cha ukaazi cha nchi ya Schengen, tuseme Ujerumani au Ubelgiji, haombi tena: anabeba pasipoti na kibali chake. Kibali cha Uingereza hakisaidii hapa, na wengi huligundua hilo wakiwa wameshalipia ndege. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000, na maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Kwa kiangazi usingoje Mei. Nafasi za miadi hujaa mapema.

Ni kweli kuna kiingilio cha kuingia mjini?

Kweli, kwa baadhi ya siku. Kilianza 25 Aprili 2024 kwa siku 29 za majaribio, na 2025 zikawa siku 54 kati ya Aprili na mwisho wa Julai, nyingi zikiwa Ijumaa hadi Jumapili. Unalipa euro 5 ukiwahi angalau siku nne kabla, euro 10 ukichelewa. Kinahusu saa za mchana tu, kuanzia saa mbili na nusu asubuhi hadi saa kumi jioni. Walio chini ya miaka 14 hawalipi.

Anayelala ndani ya manispaa ya Venice, Mestre ya bara ikiwemo, halipi. Lakini kusamehewa hakuji kwenyewe: lazima ujisajili kwenye tovuti ya manispaa upate msimbo wa QR, uubebe kwenye simu. Wakaguzi husimama nje ya stesheni wakiwa na vizibao vyao, na asiye na msimbo hutozwa faini. Kodi ya kulala ni nyingine, hutozwa na hoteli, kati ya euro 1 na 5 kwa mtu kwa usiku kulingana na daraja la hoteli na msimu.

Nilale kisiwani au Mestre?

Mestre iko bara. Vyumba ni nafuu na treni hufika mjini kwa dakika kumi hivi. Kwa familia ya watu watano inaleta maana. Lakini kama ni wewe na mwenzio kwa usiku mbili, kata kwingine ulale kisiwani. Anayelala Mestre huamka, huvaa, hula, hufika saa nne pamoja na umati, na jioni huanza kutazama saa ya treni. Yaani analipia Venice na kupata foleni.

Ndani ya mji, tafuta mtaa wa Cannaregio upande wa kaskazini, au Castello ukishapita Arsenale, karakana ya zamani ya meli. Huko bado utaona nguo zimeanikwa kamba toka dirisha hadi dirisha, na wazee wamekaa na mbwa wao. Kuzunguka San Marco kwenyewe ni ghali.

Jambo moja la treni: kuna stesheni mbili zenye jina la mji. Venezia Mestre ni ya bara. Inayofika kwenye maji ni Venezia Santa Lucia, baada ya reli kuvuka daraja refu la 1846. Ukitoka tu mlangoni, Mfereji Mkuu huo mbele ya ngazi.

Kutoka uwanja wa ndege nafikaje?

Uwanja wa Marco Polo uko bara, ukingoni mwa wangwa. Basi la kwenda Piazzale Roma huchukua kama dakika 25 na ni euro 10. Piazzale Roma ndipo magari yote yanapoishia. Mbele ya hapo hakuna gari, pikipiki wala baiskeli. Boti ya Alilaguna ni ya polepole, zaidi ya saa moja, ila inakushusha karibu na hoteli yako ikiwa iko upande wa ukingo wa Fondamente Nove au San Marco. Teksi ya majini ni zaidi ya euro 100. Mwenye harusi achukue.

Mashirika mengine ya bei nafuu hutua Treviso, ambako basi huchukua kama saa nzima. Soma tiketi vizuri.

Boti za abiria zinafanyaje kazi?

Huitwa vaporetto, nazo ndizo daladala za Venice. Safari moja ni euro 9.50 na tiketi hudumu dakika 75, bei ambayo inakulazimisha ununue tiketi ya siku: euro 25 kwa saa 24, 35 kwa saa 48, 45 kwa saa 72. Aliye kati ya miaka 6 na 29 anunue kadi ya Rolling Venice kwa euro 6, kisha tiketi ya siku tatu kwa euro 27. Watoto chini ya miaka 6 ni bure. Gusisha tiketi kwenye mashine kila unapopanda, hata kama ni ya siku.

Namba 1 hupita Mfereji Mkuu wote, kituo kwa kituo, polepole. Ipande mara moja mchana na mara moja usiku baada ya saa nne, na ujitahidi kupata viti vya nje. Mfereji huo una urefu wa kilomita 3.8 hivi na madaraja manne tu, la Rialto likiwa la zamani kuliko yote, lililokamilika 1591. Usiku taa huwashwa majumbani na unaona dari zilizochorwa ambazo mchana huzioni.

Tazama pia kazi ya baharia wa mlangoni. Boti ikikaribia gati, hurusha kamba na kuizungusha kwenye kishikizo cha chuma kwa mkono mmoja, nahodha anasukuma injini kidogo mpaka kamba inakaza na kulia, boti inajibana gatini, ndipo lango linavutwa. Wanaoshuka watangulie. Vua begi la mgongoni ulishike mkononi, wenyeji wanakereka usipofanya hivyo, na wana haki. Begi la mgongoni pia ndilo wezi wa mfukoni wanalolipenda.

Gondola ina thamani ya pesa yake?

Bei rasmi ni euro 90 kwa dakika 30 mchana, na 110 kwa dakika 35 kuanzia saa moja jioni. Ni bei ya chombo, si ya kichwa, na chombo hubeba hadi watu watano. Kwa hiyo mkiwa watano si ghali hivyo. Msipande pale San Marco ambako mtayumbishwa na mawimbi ya boti za injini. Tafuteni gati dogo ndani ya mitaa, mkubaliane njia na muda kabla ya kukaa. Wimbo haumo kwenye bei.

Asiyetaka kulipa hivyo avuke kwa traghetto, gondola kubwa ya kuvushia watu Mfereji Mkuu mahali ambapo hakuna daraja. Ni euro 2, mkononi, sarafu. Ile ya Santa Sofia inakutua mlangoni mwa soko la Rialto. Dakika chache tu, lakini umepanda.

Na kama unapenda ufundi, nenda mtaa wa Dorsoduro usimame ng'ambo ya karakana ya San Trovaso. Utaona gondola zimepinduliwa chini juu zikikwanguliwa matumbo. Angalia vizuri umbo: upande wa kushoto ni mpana kuliko wa kulia. Mpiga kasia ana kasia moja tu, upande wa kulia, na bila upindo huo chombo kingekuwa kinazunguka.

Nitapoteaje na ramani ya simu ninayo?

Utapotea. Kuta ni ndefu, vichochoro vyembamba, na simu hukuambia uko ng'ambo ya mfereji ambao hujavuka. Anwani nazo haziendi kwa mtaa bali kwa eneo zima: mji umegawanywa maeneo sita, na namba huanza 1 zikaendelea hadi maelfu. Anwani kama "Castello" na namba ya tarakimu nne haikuambii chochote. Mwombe mwenye nyumba akupe jina la kichochoro na kituo cha boti kilicho karibu.

Fuata vibao vya manjano ukutani: Per Rialto, Per San Marco, Alla Ferrovia, yaani stesheni. Ukiwa huna haraka, vikimbie hivyohivyo vibao. Kila vinapoelekeza ndiko watu waliko.

Nione nini San Marco bila kumaliza siku kwenye foleni?

Nunua tiketi mtandaoni kwa kila kitu. Basilika, lililowekwa wakfu 1094, lina dhahabu ya mosaiki (picha za vipande vidogo vilivyobandikwa) kuanzia dari hadi matao, na farasi wanne wa shaba walioporwa Constantinople mwaka 1204. Walio nje ni nakala, wenyewe wako ndani juu. Mabegi makubwa hayaingii. Ikulu ya watawala wa zamani, Palazzo Ducale, huwa nafuu ukinunua tiketi siku 30 kabla, na tiketi hiyohiyo hukuingiza makumbusho ya Museo Correr upande wa pili wa uwanja.

Wengi hawaingii Correr. Ingia. Kupitia huko ndiko unakofika kwenye maktaba ya Marciana na ramani ya dunia ya Fra Mauro, mtawa wa kisiwa cha San Michele, iliyochorwa kama mwaka 1450. Ni duara la karibu mita mbili, kusini ikiwa juu, kwa hiyo Afrika iko pale kileleni. Bahari ya Hindi ameichora ikiwa wazi, imeungana na Atlantiki kwa kuzunguka kusini mwa Afrika, miaka karibu hamsini kabla Vasco da Gama hajatia nanga Malindi. Msomaji wa pwani yetu anaweza kusimama hapo muda mrefu kuliko mbele ya farasi.

Mnara wa kengele wa San Marco ulianguka wote 14 Julai 1902, na uliopo ni wa 1912. Una lifti na una foleni. Vuka kwa boti namba 2 hadi San Giorgio Maggiore: mnara wa pale pia una lifti, foleni ni fupi, na kwenye picha yako San Marco itakuwemo.

Kati ya visiwa vya Murano, Burano na Torcello niende wapi?

Ukiwa na siku mbili, chagua Burano na Torcello siku yenye joto zaidi. Boti namba 12 hutoka Fondamente Nove, kama dakika 45. Burano ni nyumba za rangi na lesi za mkono. Lesi za bei rahisi madukani zimetengenezwa kwingine. Torcello ni majani, njia moja na kanisa kuu lililoanzishwa 639, lenye mosaiki ya Siku ya Hukumu ukuta mzima.

Murano ni kioo. Mwaka 1291 tanuri ziliamriwa zihamie huko kwa kuogopa moto mjini. Maonyesho ya "bure" kwa kawaida huishia dukani, kwa hiyo kama una saa moja nenda moja kwa moja makumbusho ya kioo, Museo del Vetro, ukaangalie shanga. Karne ya 19 shanga za Venice zilifika Zanzibar na kubebwa na wapagazi kupitia Tabora hadi Ujiji, na kila eneo lilikuwa na rangi yake. Mfanyabiashara aliyebeba rangi isiyotakiwa alikosa chakula njiani. Waliozitunga kwenye uzi walikuwa wanawake wa mitaa ya Castello na Cannaregio, wamekaa mlangoni na vyano vyao mapajani. Bibi zetu walizivaa, wao walizitunga, na hakuna aliyemjua mwenzake.

Kuhusu chakula, na halali?

Mkahawa wenye picha za vyakula mlangoni na mtu wa kukuita, pita. Ingia baari ndogo ziitwazo bacaro, uchague vitafunio vya kuonyesha kwa kidole, euro mbili au tatu kimoja: dagaa wakubwa waliolowekwa kwa siki na vitunguu, chewa aliyekaushwa na kupondwa akawa laini, ngisi. Ngisi wa wino mweusi huja na polenta, na polenta ukiiona utajua ni ndugu wa ugali. Kahawa kunywa umesimama kaunta. Ukikaa bei hupanda, na kwenye mikahawa ya uwanja wa San Marco, kama Florian ya tangu 1720, unalipia hata muziki. Bili ya mgahawa huwa na "coperto", euro chache kwa kila kichwa; si wizi, ni desturi.

Nyama halali mji mkongwe ni adimu. Mestre zipo nyingi, kwa sababu kuna jamii kubwa ya Wabangladeshi, na sehemu za sala ziko upande huo. Wengi hubaki na samaki. Uliza tu kama kuna divai kwenye mchuzi au mafuta ya nguruwe.

Maji usinunue. Mabomba ya umma yametapakaa kwenye viwanja na maji yake ni safi na baridi. Choo cha umma ni euro 1.50.

Kuna makatazo gani?

Usiogelee kwenye mifereji wala kutumbukiza miguu. Usile umekaa kwenye ngazi au sakafuni San Marco. Usilishe njiwa. Usitembee kifua wazi. Usinunue pochi bandia barabarani, kwa sababu sheria ya Italia humtoza faini mnunuzi pia. Makanisani mabega na magoti yafunikwe. Kanga moja kwenye begi inamaliza tatizo hilo.

Anayetaka kuogelea aende kisiwa cha Lido, boti dakika kumi na tano hivi kutoka San Marco. Pwani nyingi za pale ni za kukodi kiti na mwavuli, ila zipo sehemu za bure.

Nina mama mzee na mtoto wa kigari. Itawezekana?

Itawezekana kwa kuheshimu madaraja. Yako zaidi ya 400 na karibu yote yana ngazi. Boti namba 1 huingia kigari na kiti cha magurudumu, kwa hiyo chagua chumba hatua chache kutoka kituo chake, bila daraja katikati. Muulize mwenye nyumba hivyo hasa. Sanduku moja kwa mtu, dogo. Mengine yaachwe kwenye chumba cha mizigo stesheni.

Ndege yangu ni ya asubuhi. Nitoke saa ngapi?

Kwa ndege ya saa nne asubuhi, uwe Piazzale Roma kabla ya saa moja. Angalia jana yake boti ya kwanza ya kituo chako inapita saa ngapi, maana za alfajiri ni chache. Tiketi ya basi inunue usiku huo, na mizigo ivushe madaraja wakati vichochoro bado vitupu.